Bi Garza na Bi Garza

Jumatatu, 26 Agosti

Leo nimekuwa mwanachuo! Mwanachuo wa miaka kumi na sita, lakini hilo halijaandikwa usoni. Nimevaa hereni kubwa za dada yake rafiki yangu Priscila, na begi la bendi nimeliacha shuleni.

Chanzo ni klarineti. Wenzangu wa darasa la kumi na moja wanaochukua masomo ya chuo wanafundishwa palepale shuleni, kengele ikilia wanakwenda kula. Kipindi chao ndicho kipindi changu cha bendi. Basi mshauri wa shule kanipeleka chuoni kwenyewe, katikati ya watu wazima. Somo la Kuhutubia: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nikifaulu linahesabiwa huku na huku, sekondari na chuo. Basi dogo la njano linanishusha nyuma ya maktaba. Nilimbembeleza dereva anishushe huko, nisionekane.

Darasa limejaa watu wenye kodi za nyumba na watoto. Jirani yangu ni Beto, fundi wa viyoyozi, ndevu za kweli kabisa. Akauliza niko mwaka wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Si uongo! Hakuuliza wa kwanza wa nini.

Profesa Krenek — mwanamke mrefu, mvi tupu, raba za kukimbilia — humwita kila mtu Bwana au Bi. Aliposema "Bi Garza" niligeuka kuangalia anamwita nani. Kumbe mimi!

Halafu nikajiaibisha. Nilibanwa. Nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Beto akacheka mpaka akapaliwa. Profesa akasema, kwa upole, kwamba hapa mtu akitaka kwenda anakwenda, yeye hatunzi vibofu vya watu. Shuleni kwetu unaomba, unapewa kipande cha ubao chenye namba ya chumba, unatembea nacho kila mtu ajue uendako. Mazoea yana tabu.

Niliporudi nikakuta mtu aliyechelewa amesimama mlangoni, daftari jipya la zambarau kifuani, blauzi ya Pasaka.

Mama yangu.

Mama yangu mzazi! Nelda Garza! Akaniona, akatabasamu, akainua mkono kunipungia — nikakaa haraka na kutazama ukuta.

Baada ya kipindi, kwenye maegesho:

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nasoma. Na wewe?"

Kumbe alijiandikisha mapema Agosti na hakumwambia mtu, aliogopa asije akaghairi. Amebakiwa na somo hili moja tu ili aingie uuguzi mwezi wa Januari. Kazini kwake, kwenye kituo cha wazee, anaanza saa sita mchana, na darasa la asubuhi ni hili peke yake. Hakujua nami nimepangiwa hili.

Nikamwambia tusijuane.

"Tusijuane vipi, mwanangu?"

"Darasani. Wewe Bi Garza, mimi Bi Garza. Basi."

Akanitazama sana. Halafu akacheka. "Haya, Bi Garza. Nikuamkie kabisa?"

Jumatano, 28 Agosti

Hakuna aliyeshuku. Darasani tuko Garza wanne! Huku kwetu bondeni ukirusha jiwe litampiga Garza, likidunda litampiga Garza mwingine.

Mama kakaa nyuma yangu viti viwili. Sheria ya chuo haimruhusu kuona alama zangu, hata kama nina miaka kumi na sita — alama ni zangu mwenyewe. Hahitaji. Anazisikia kutoka pale alipo.

Waliosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hawakufikiria kwamba mtu anaweza kufunzwa na wote wawili katika chumba kimoja.

Nyumbani sasa ndiyo mchezo wake. "Bi Garza, osha vyombo." "Bi Garza, soksi zako zinanuka mpaka jikoni." Bibi Chelo, mama yake Mama tunayeishi naye, anauliza kama tumegombana. Mama anamwambia hapana, ni mambo ya chuoni, watu wa chuo hawapaazi sauti.

Ijumaa, 6 Septemba

Balaa. Profesa ametupanga wawili wawili kwa herufi za majina. Mwenzako ndiye mwenzako mpaka mwisho wa muhula: unamhoji, unamtambulisha, mwishoni unamkaribisha jukwaani. Garza, Dalila. Garza, Nelda. Nilisema kimoyomoyo maneno ambayo Bibi angeyasikia angenipaka sabuni mdomoni.

Tukahojiana. Tulivuta viti tukatazamana kama watu wa benki.

"Unafanya kazi gani, Bi Garza?" nikauliza. Naijua! Lakini Beto alikuwa karibu.

"Natunza wazee. Mchana nawachezesha loteria, ule mchezo wa kadi za picha."

"Umewahi kusoma chuo?"

"Hapahapa. Somo hilihili. Nikaliacha siku ya hotuba ya mwisho."

Hilo sikulijua. Kalamu yangu ikasimama. Nikauliza kwa nini.

"Nilisimama mbele, nikatapika kwenye ndoo ya takataka, nikatoka, sikurudi tena."

"Uliogopa?"

"Niliogopa, ndiyo. Na nilikuwa na jambo."

"Jambo gani?"

Akaangalia darini, kisha akaniangalia mimi machoni. "Jambo la kilo tatu na nusu. Lilizaliwa Mei."

Mimi nilizaliwa Mei!

Kwa hiyo somo hili nilikwishalihudhuria kabla ya kuzaliwa. Na aliyemtapisha Mama mbele za watu ni mimi. Nimeandika kwenye karatasi: "Aliacha kwa sababu za kifamilia."

Jumatatu, 9 Septemba

Utambulisho. Nilimtambulisha Mama kwa sentensi sita, kavu. Nikapata alama nzuri.

Kisha zamu yake. Jamani. Mama huyu kituoni hushika kipaza sauti na kutangaza kadi za loteria kwa Kihispania mpaka wazee viziwi wanaziba masikio — Bibi Chelo huenda kila siku, ndiye shahidi. Lakini Kiingereza mbele ya watu kinamkausha koo. Karatasi aliishika kwa mikono miwili. Akasoma jina langu. Akalisoma tena. Nilitamani sakafu inimeze, tena immeze naye, tuwe pamoja huko chini.

Halafu akaacha kusoma. Akasema: "Bi Garza akila concha anakwangua sukari ya juu kwa meno, mkate mtupu anaurudisha kwenye sahani ili wengine wadhani haujaguswa."

Darasa likaangua kicheko. Beto akauliza amejuaje. Mama akasema nilikuwa na moja begini. Mwongo mkubwa! Lakini alipona.

Profesa akamwambia alipoacha karatasi ndipo alipoanza kusema. Na hotuba ya mwisho ni bila karatasi, dakika saba, nusu ya alama zote. Mama akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa mweupe.

Akianguka pale, Januari hakuna uuguzi. Hajasema. Anajua, nami najua.

Ijumaa, 13 Septemba

Beto kaniomba ushauri. Amnunulie mchumba pete sasa au asubiri Krismasi? Nikafikiri kwa makini nikamwambia asubiri, ajue kwanza kama wanavumiliana wakati wa joto. Akaandika! Akasema anapenda kuongea na mwanamke aliyetulia.

Nyuma yangu mtu alikohoa kikohozi kirefu sana.

Jumapili, 22 Septemba

Meza ya jikoni haionekani. Mama anatengeneza ua langu la kuvaa kifuani siku ya Kurudi Nyumbani, sikukuu ya shule ambapo wahitimu wa zamani hurudi kutazama mpira. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe — kila mwaka husema mwaka huu dogo, na kila mwaka linazidi. Krisanthemamu ya kitambaa, kubwa kuliko sahani, kidubu katikati, tepe za rangi ya damu ya mzee na nyeupe mpaka magotini. Na kengele. Ninazipenda kengele. Siku hiyo shule nzima inalia kama zizi la mbuzi, walimu wanakata tamaa kabla ya saa nne.

Nilimwambia aongeze kengele nyingine. Akasema, "Bi Garza, utapinda mgongo." Akaongeza tatu.

Bibi akasema enzi zake ua lilikuwa ua tu, unalibandika, unakwenda mpirani, unaolewa.

Jumatano, 2 Oktoba

Hotuba za kuonyesha jinsi ya kufanya kitu. Mimi: jinsi ya kubadilisha ulimi wa klarineti, kile kijiti cha mdomoni kinachotoa sauti. Nilisema nimejifunza "zamani nikiwa sekondari". Zamani ya jana!

Mama kaleta ua.

Ua langu. Kalimwaga lote mezani, gundi ya moto, mkasi, kengele. Na unajua nini? Alisema! Mikono ilikuwa na kazi, ulimi ukafunguka. Alionyesha kusuka utepe, alionyesha namna ya kuficha waya. Akawaambia kidubu lazima kishonwe, gundi peke yake haitoshi, maana msichana ataruka mpira ukiingia. Watu walisogeza viti. Beto akauliza kama wanaume nao huvaa. (Huvaa, mkononi, dogo. Alisoma Ohio, mbali, huko hawayajui maua haya, asamehewe.)

Profesa akauliza ni la nani.

"La binti yangu. Yuko sekondari."

Hakunitazama. Hata kidogo. Halafu nikaona: utepe wenye jina langu, wenye herufi za dhahabu, ameugeuza. Herufi zimelala chini, hakuna anayeziona. Alifikiria hilo mapema, nyumbani, peke yake.

Mwanamke mmoja wa mbele akasema binti huyo ana bahati, sijui kama anajua. Wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siku yenyewe. Tulishinda, na bendi ilipendeza wakati wa mapumziko, na sitaki kuandika habari ya mpira.

Asubuhi Mama alinibandika ua kwa pini mbili, upande wa kushoto. Akarudi nyuma kunitazama. Bibi akalia kidogo kama kawaida yake. Nikaenda shule nikilia kengele kila hatua. Nilikuwa na furaha, kweli nilikuwa nayo.

Kabla ya basi nikalivua. Nikalitundika chumba cha bendi, kwenye ndoano ya koti langu. Nilijiambia ni kipindi kimoja tu. Nilijiambia tumekubaliana. Nilijiambia Beto ataniuliza nina miaka mingapi.

Nikaingia darasani. Mama alikuwa ameshakaa. Macho yake yakaja kifuani kwangu moja kwa moja, pale penye matundu mawili ya pini kwenye shati. Yakakaa pale. Kisha akafungua daftari.

Na yule mwanamke wa mbele lazima aulize! "Bi Garza, binti yako amelipenda?"

"Alitoka nalo nyumbani," Mama akasema. "Lilimpendeza sana."

"Sasa hivi yuko shuleni anapiga kelele!"

"Kengele zake ni nyingi."

Hakudanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyekaa pale nikiwa uongo mtupu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado sikusimama, sikusema kitu. Nilichora kengele pembeni mwa ukurasa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mama hakuja. Beto akauliza kama najua Bi Garza mwenzangu yuko wapi.

Nikasema sijui.

Nimeandika hapa ili nione linavyoonekana. Linaonekana baya.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeomba msamaha, alipokuwa anakunja nguo. Nilisema yote: ndoano, Beto, matundu ya pini.

"Si neno, Bi Garza."

Si kwa mchezo. Bila kucheka. Alinipa shuka nishike pembe, tukalikunja vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nane hajaniita mwanangu. Wala Dalila. Nahesabu kama mjinga.

Amerudi darasani lakini anakaa mwisho kabisa, karibu na mlango.

Jumatano, 23 Oktoba

Nyumbani kidogo mambo yametulia. Tunacheka. Bibi kasahau meno yake kwenye gari la kituo, likaja kuyarudisha na honi juu, mtaa mzima ukatoka kuona. Lakini bado ni Bi Garza. "Bi Garza, chakula." Zamani lilikuwa jina la utani. Sasa limekuwa jina.

Jumapili, 10 Novemba

Bibi kanipeleka nje nimsaidie na limau zake. Hakuwa na haja ya limau. Alitaka nimsikie Mama kupitia dirisha la jikoni, maana alikuwa amemchokoza makusudi kabla ya kutoka na sasa akaendelea kupitia wavu.

"Kwa hiyo Jumatano unajitoa?"

"Ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa, Mama. Nikikaa halafu nikashindwa, alama mbaya inabaki milele. Nikijitoa naweza kujaribu tena."

"Miaka kumi na saba iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Nilikuwa na mimba!"

"Sababu ya safari ile ilikuwa tumboni. Ya safari hii iko wapi?"

Mama akafunga bomba la maji. Akasema polepole, nikasikia kila neno: "Nilidhani nitaweza kusimama pale kwa sababu yupo. Nitamtazama yeye tu, nitasema. Kumbe hayupo. Anakaa pale, lakini hayupo."

Bibi akanitazama. Akachuma limau moja, akanipa. "Umesikia?"

Nimesikia, Bibi.

Jumatano, 13 Novemba

HAJAJITOA. Sijui kwa nini. Sijathubutu kuuliza.

Hotuba yake ni keshokutwa: kwa nini kila mtu ajifunze kumgeuza mgonjwa kitandani. Jioni alinilaza kwenye kochi akafanya mazoezi. Goti hili hivi, bega hili hivi, usimvute mkono, mkono hutoka. Alinigeuza mara nne. Mikono yake inajua. Kila alipofika "Mabibi na mabwana" alikauka, akaanza upya. Hakumaliza hata mara moja.

Mimi ndiye ninayemkaribisha jukwaani. Dakika moja. Mwenzake mpaka mwisho wa muhula.

Nimeandika sentensi sita. Nimezichana.

Ijumaa, 15 Novemba

Kwenye basi. Naandika kwa shida, ua limejaa mapajani na kidubu kinanichungulia. Mama ametoka nyumbani kabla yangu, hajaliona. Nimelitoa chini ya kitanda, nikanyoosha tepe kwa mvuke wa birika, na utepe wa jina nimeugeuza: herufi juu. Pini mbili, upande wa kushoto, kama alivyofanya.

Dereva: "Binti, Kurudi Nyumbani si kulipita mwezi uliopita?"

Nimemwambia wengine tunachelewa. Nimemwambia pia anishushe mlango wa mbele.

Baadaye kidogo.

Basi nikaingia. Ukitaka watu wanyamaze, ingia na kengele. Darasa zima likageuka. Beto akatazama ua, akasoma utepe, akanitazama mimi, akatazama ua tena.

"Bi Garza. Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na sita."

"Kumi na — mimi nimekuomba ushauri wa ndoa!"

"Ulikuwa ushauri mzuri."

"Nimeshamwambia tusubiri Krismasi!" Alishika kichwa. Yule mwanamke wa mbele alikuwa ameshaelewa, mkono mdomoni, anatazama jina langu halafu kiti cha nyuma.

Profesa Krenek akavua miwani. "Hatimaye," akasema. Kumbe anajua tangu wiki ya kwanza! Akasema tuna pua moja, na kwamba hakuna mtu anayejua jinsi asiyemfahamu anavyokula mkate wake.

Lakini kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Daftari la zambarau liko mezani, Mama hayupo. Beto akasema alikuja mapema, akakaa, halafu akatoka mbio ameziba mdomo.

Tulikuwa tunafuata sisi. Profesa akatazama saa. Akasema Hinojosa atatangulia, na Hinojosa akimaliza ni Garza na Garza, au hataweza kutusubiri tena, kanuni ni moja kwa wote. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetamani kanuni ingekuwa nyingine.

Nikachukua daftari la Mama, nikainuka. Nilikuwa mlangoni ndipo nikagundua sikunyoosha mkono.

Sasa niko chooni. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, mbele ya mlango wa pili. Viatu vya Mama vinaonekana chini. Ameniambia nisimsemeshe kidogo, apumue. Basi naandika, la sivyo nitamsemesha.

Nilipoingia alikuwa anatapika. Kengele zikatangulia, mimi nyuma. Kutapika kukakatika palepale.

"Ni nini hicho?"

"Ni mimi."

Maji yakavutwa. Kisha: "Umepita nalo wapi?"

"Mlango wa mbele. Korido. Darasani."

"Wote wamekuona?"

"Wote. Beto anataka arudishiwe miezi miwili ya maisha yake."

Mimi nikaingiwa na wazo la kijinga, na mdomo wangu haukungoja ruhusa.

"Mama. Huna mimba, au?"

"Shika adabu yako!"

Lakini alicheka. Alicheka mule ndani mpaka akagonga ukuta kwa kiganja. Mimi nikacheka mpaka kengele zote zikalia, mwanafunzi mmoja akafungua mlango, akatuona, akaghairi haja yake.

Kisha ndipo akaniambia ninyamaze apumue.

Namsikia. "Mabibi na mabwana." Anavuta pumzi. "Mabibi na mabwana." Anakwama palepale. Ukutani nasikia sauti ya Hinojosa, anawashawishi watu wafuge nyuki, anaelekea mwisho maana ameanza kupunguza kasi kama profesa alivyotufundisha.

Sentensi zangu za kumkaribisha sijaandika tena. Ninayo moja tu. Inaanza na "Huyu ni mama yangu" na sijui inaishia wapi.

Nimemsukumia daftari la zambarau chini ya mlango. Limerudi. Limesukumwa polepole mpaka likagusa kiatu changu.

"Kaa nalo wewe," Mama amesema. "Nikiwa nalo nitasoma."

Makofi. Hinojosa amemaliza.

"Dalila," amesema.

Dalila!

"Utakaa wapi? Mbele au palepale?"

"Utakaponiona," nimesema. "Na ukikwama nitatikisa."

Viatu vimegeuka vinatazama huku. Komeo linafunguka, naweka kalamu.